Kisanduku Kilicholala Kwenye Friza

Kama kulikuwa na jambo ambalo Mama Barafu hakushindwa na mtu, ni baridi. Wengine walimzidi elimu, wengine walimzidi sura, na bahati ndiyo usiseme. Lakini wauza samaki, wauza juisi na wenye shughuli zao wote walipita mlangoni kwake kununua barafu, na ile friza yake kubwa iliyojitandaza sebuleni ndiyo iliyosomesha watoto. Kwa hiyo daktari wa mifupa alipomkabidhi kisanduku cheupe kinachoenea kiganjani, akamwambia kinatakiwa kukaa baridi na friji ya chumba cha upasuaji imekufa, Mama Barafu alicheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu mumewe aanguke kutoka kwenye jukwaa la ujenzi.

"Daktari, hapo umefika," alisema. "Baridi ndiyo inayotulisha."

"Basi ikae baridi mpaka keshokutwa asubuhi. Uitunze kama yai, mama. Wageni waliokuja kutufundisha walituachia hii moja tu."

Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Lipu kwa sababu hapakuwa na ukuta uliomgomea, aliinua kichwa kutoka kwenye mto. "Ni nini hasa hiyo, daktari? Anayekatwa ni mimi, basi na mimi nijue."

Daktari akakaa ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo madaktari hawalifanyi kila siku. Akaeleza kwamba mshipa ukivuja unafungwa, lakini mfupa ukivuja hauna pa kufunga, damu inachuruzika kwenye kila kitundu. Damu ya Fundi nayo inachelewa kusimama kuliko ya watu wengi, na upasuaji wa kwanza nusura wampoteze mezani. Safari ile walimziba kwa nta, kama ilivyozoeleka miaka yote. Nta ilizuia damu, hilo halina ubishi, lakini ilibaki humohumo katikati, na pande mbili za mfupa hazikukutana mpaka leo.

"Kumbe mliziba ufa kwa mshumaa!" alisema Fundi. "Hapo hata mimi nisingepiga lipu. Saruji haishiki juu ya mshumaa."

"Ndiyo hivyo hivyo," daktari akacheka. "Sasa tutaikwangua ile nta yote. Hii mpya ni kama uji mzito. Inasimamisha damu, halafu mwili unaila polepole, na mfupa unaota palepale ilipokuwa. Ikifanya kazi yake, utapanda tena jukwaani."

"Isipofanya?"

"Tutarudi kwenye mshumaa, Fundi. Sina kingine."

Mama Barafu alikizungushia kisanduku kitambaa, akakipakata njia nzima kama mtoto mchanga. Upasuaji ulikuwa umeahirishwa mara mbili, mara daktari wa usingizi hayupo, mara hakuna maji, na mguu wa mumewe ulikuwa umekonda ukabaki kama mpini wa koleo. Safari hii, alijiambia, hakuna cha kuharibika. Kilichobaki kiko mikononi mwake.

*

Nyumbani alikiweka kwenye friji ndogo ya jikoni, rafu ya juu, nyuma ya sufuria. Friji yenyewe ilikuwa imezeeka, mlango wake unashikwa na mpira wa baiskeli, lakini ilipoza. Akawaita watoto, akawaita na mama mkwe, akawasomea sheria. Atakayegusa kisanduku kile atamtambua.

Mama mkwe, ambaye watoto walimwita Bibi na mtaa ukafuata, alisogea kukitazama. Fundi ndiye mwana pekee aliyembakia, na tangu aanguke, Bibi alikuwa amepoteza usingizi na nusu ya maneno yake.

"Hiki ndicho kitakachomsimamisha mwanangu?"

"Ndicho, mama. Daktari kasema kikae baridi tu."

"Baridi," Bibi alirudia, na lile neno akaenda nalo chumbani kwake.

Kesho yake Mama Barafu alishinda hospitali. Alimwogesha mumewe, akamnyoa, akamkata kucha, akamsikiliza akipanga nyumba atakazomalizia akishayaacha magongo yake. Adhuhuri umeme ulikatika mtaa mzima, ukarudi jioni. Aliporudi alikuta taa zinawaka, friji inanguruma, Bibi na watoto wamelala. Miguu ilikuwa inamwaka moto. Alijitupa kitandani bila kufungua kitu chochote, na hilo ndilo atakalolijutia mpaka aingie kaburini.

Alfajiri alifungua friji. Rafu ya juu ilikuwa na sufuria peke yake.

"Mama! Mama! Dawa iko wapi?"

"Usipige kelele, mwanangu, utawaamsha watoto." Bibi alitokea mlangoni akijifunga nguo, na uso wake ulikuwa umetulia kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. "Iko salama. Jana umeme ulipokatika nilisema lile friji lenu la mpira litaichachisha. Nikaihamishia kwenye friza. Nimeilaza katikati ya mabonge ya barafu, haikuona joto hata kidogo."

Mama Barafu aliinua kifuniko cha friza. Kisanduku kilikuwa kimelala pale katikati ya mabonge, kimeota ukungu mweupe. Akafungua. Ndani yake kulikuwa na bomba mfano wa bomba la sindano, na uji uliokuwamo ulikuwa mgumu kama jiwe.

Alisimama akiwa amelishika mpaka vidole vikafa ganzi. Yeye alizijua tabia za baridi. Alijua kuwa maji yakiganda yakayeyuka ni maji yaleyale, hayana kinyongo. Alijua pia kuwa nyanya ikiganda ikayeyuka ni ujiuji, na maziwa hukatika, na yai hupasuka. Hii ilikuwa maji au nyanya? Hakuna aliyemwambia. Daktari alisema baridi, na barafu ni nini kama si baridi?

Akiuliza, upasuaji utaahirishwa tena. Kisanduku kingine hakipo. Mumewe amenyolewa, hajala tangu jana usiku, anasubiri. Na nyuma yake mama mtu amesimama, anangoja kuambiwa ahsante.

"Umefanya vizuri, mama," alisema.

Alilitia lile bomba kwenye bakuli la maji, halafu kwapani, halafu tena kwenye maji. Likalegea. Alipolitikisa aliona chengachenga kidogo zikielea, akalitikisa tena mpaka akajilazimisha kuamini kuwa hazipo. Akalitia kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko, juu ya maji ya baridi, akaondoka.

*

"Imekaa baridi?" aliuliza sista mlangoni mwa chumba cha upasuaji.

"Imekaa baridi, sista."

Hakusema uongo. Hata hivyo, aliporudi kwenye benchi hakuweza kumtazama Bibi, ambaye alikuwa amekaa amefumba macho, midomo inamcheza kwa dua.

Walisubiri. Machela zilipita, wafagizi walipita, mtu mmoja aliuza karanga, akafukuzwa, akarudi. Mara sista mwingine alitoka mbio, akarejea na mifuko ya damu. Mama Barafu akasimama. Hakuna aliyemwambia lolote, naye akakaa tena.

Daktari alipotoka, kofia yake ya kijani ilikuwa imelowa jasho. Alimtafuta Mama Barafu kwa macho, akamwashiria waende kwenye kona, mbali na Bibi.

"Mzima?" aliuliza Mama Barafu.

"Mzima. Tumemwongeza damu, lakini mzima." Akavuta pumzi. "Mama, niambie kweli, sikukamati. Ile dawa iliganda?"

Mama Barafu alitazama nyuma. Bibi alikuwa ameinuka kwenye benchi, ameshika kifua, anajaribu kusoma midomo yao kutoka kule mbali. Mtu wa miaka ile, mwana mmoja, moyo wenyewe wa kubahatisha.

"Iliganda, daktari. Mimi ndiye niliyeiweka kwenye friza. Nilidhani baridi zaidi ni nzuri zaidi."

"Aisee, mama." Alisugua macho. "Ikishaganda haifai. Nilipoiweka ilitoka mabongemabonge, ikaelea na damu, haikushika popote. Nimepambana kwa pamba mpaka nikaishiwa. Ikabidi..."

"Mshumaa."

"Nta, ndiyo. Nimepaka kidogo kadiri nilivyoweza."

Sista aliyekuwa nyuma yake na makaratasi alishindwa kujizuia. "Si uliambiwa baridi? Baridi na barafu ni kitu kimoja? Na wewe ndiye muuza barafu!" Watu waliosimama karibu waligeuza shingo; kule mbali Bibi hakudaka neno. Mtu mmoja alicheka, halafu akaona uso wa Mama Barafu, akanyamaza.

"Mwache," daktari alimwambia sista. "Nilisema baridi. Nilipaswa kusema isigande. Niliharakisha." Kisha kwa Mama Barafu: "Nitamweleza mimi?"

"Nitamweleza mwenyewe."

*

Alimweleza, lakini alimweleza nusu. Fundi alipozinduka vizuri, alimwambia kuwa dawa iliharibika mikononi mwake, na kwamba wamerudia nta. Hakutaja friza. Angetaja friza, swali la pili lingekuwa nani, na la tatu lingekuwa kifo cha mtu.

Fundi alitazama dari muda mrefu. "Mikononi mwako," alisema. Halafu akageukia ukuta.

Nyumbani Bibi alipopata habari kuwa dawa iliharibika, alipata kwa namna yake. Alikaa kitako akapiga hesabu ya mambo: yeye aliiacha dawa ndani ya barafu, ngumu, salama. Aliyeitoa ni nani? Aliyeipitisha kwenye joto ni nani?

"Niliiacha imehifadhika!" alilia. "Ngumu kama jiwe niliiacha! Ukaitoa ukaitia kwenye maji, nilikuona kwa macho yangu, nikajisemea labda ndivyo alivyoambiwa. Umeiyeyusha dawa ya mwanangu! Wewe, wa kuyeyusha dawa ni wewe, unayeuza barafu!"

Mama Barafu alifungua mdomo. Neno moja tu lingetosha, na lilikuwa pale kwenye ncha ya ulimi. Aliutazama ule mkono wa kikongwe uliokuwa unapiga paja kwa uchungu, mkono uleule uliobeba kisanduku kwa mapenzi kutoka jikoni hadi sebuleni, akalimeza.

"Nisamehe, mama," alisema.

Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Basi watu waliubeba wake kwa vicheko. Muuza samaki alikuja kuchukua mabonge yake akauliza kama haya nayo yamepitishwa kwenye maji moto. Muuza juisi alimtania kuwa siku hizi anasikia barafu yake inayeyuka kabla ya kulipiwa. Jirani mmoja aliyependa kuonekana mwema alimshika mkono na kumwambia kwa sauti ya kusikika hadi barabarani kwamba kukosea ni ubinadamu. Mama Barafu alifunga vifuko, akapokea hela, akarudisha chenji, akacheka pale walipotarajia acheke.

Hayo aliyaweza. Ambalo hakuliweza ni kimya cha mumewe. Fundi alirudi nyumbani, akawekewa kitanda sebuleni karibu na friza, na tangu siku ile hakumwelekezea mkewe neno. "Mwambieni mama yenu aniletee dawa." "Mwambieni mama yenu mto umeanguka." Mama mwenyewe amesimama palepale, mto uko miguuni pake. Watoto wakawa wanapeleka maneno umbali wa hatua moja, kwanza wakidhani ni mchezo, baadaye wakiona aibu. Bibi alipokuwa akirudia wimbo wake wakati wa kula, niliiacha kwenye barafu, niliiacha ngumu, Fundi alitafuna chakula chake akitazama sahani. Hakumkanya mama yake hata siku moja.

Usiku Mama Barafu alijipa moyo. Daktari alisema amepaka kidogo. Huenda mfupa ukapata pa kupenya. Akamwomba Mungu wake kwa ajili ya kile kidogo.

*

Siku ya kupiga picha ya mguu walikwenda wawili, Bibi akabaki na watoto. Fundi alitangulia kwa magongo, mkewe akafuata na bahasha. Daktari aliibandika picha kwenye kioo chenye taa. Hata asiyejua kusoma angeisoma: chuma kimenyooka vizuri, misumari iko sawa, na katikati ya mfupa na mfupa kuna ufa mweusi ule ule, kingo zake zimekuwa laini kama zimepigwa msasa.

"Haujaunga," alisema daktari. "Na kwa hali hii hautaunga wenyewe."

"Mtafungua tena?" aliuliza Fundi.

"Siwezi kukudanganya. Kufungua mara ya tatu kwa damu yako ni kucheza na roho, na sina kitu cha kuweka badala ya nta. Kile chuma kikichoka kitavunjika. Tembelea magongo, Fundi. Jukwaa, ngazi, ndoo ya saruji, hayo yasahau."

Fundi alitikisa kichwa taratibu. Aliangalia viganja vyake. Saruji ilikuwa imevila miaka yote ile, na sasa vilianza kulainika kama vya karani.

"Naomba unisamehe na mimi," daktari aliendelea, maana alikuwa kijana bado na jambo lile lilimtafuna. "Ile dawa kuganda, kosa nusu ni langu. Sikuwaeleza. Mtu gani angejua kuwa friza inaiua?"

Mama Barafu alikaza macho kwenye bahasha.

"Iliganda?" alisema Fundi.

"Ndiyo. Mkeo hakukwambia? Ililala kwenye friza usiku kucha. Ndiyo iliyoiharibu. Kuyeyushwa hakukuongeza wala kupunguza kitu."

Fundi aliaga, akasimama kwa magongo, akatoka. Mkewe alimfuata mpaka kwenye benchi la nje, pale watu wanapongojea majina yao. Akakaa, akanyoosha mguu mbovu. Mama Barafu alibaki amesimama, kama mtu aliyeitwa na mwalimu.

"Kaa," alisema Fundi.

Lilikuwa neno la kwanza kumwelekezea baada ya miezi. Akakaa.

"Niliiacha kwenye barafu. Niliiacha ngumu," alisema Fundi, kwa sauti ya kuigiza ya mama yake, lakini hakuwa anacheka. "Kila siku nalila hilo neno pamoja na chakula. Kumbe ndilo lenyewe."

Mama Barafu akaanza kulia. Hakulia kwa adabu. Alilia mpaka kamasi zikamtoka, watu wakahamia benchi jingine.

"Hakujua," alisema alipopata pumzi. "Umeme ulikatika. Alikuwa anakuokoa. Mimi ndiye niliyejua kuwa kuna kitu na nikaipeleka hivyo hivyo. Kwa hiyo usiseme ni yeye. Ni mimi vilevile."

"Ungeniambia."

"Ungemtazamaje?"

Fundi alijifuta uso kwa kiganja, kutoka juu hadi chini, kama anavyosawazisha lipu, na alipomaliza macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama asijue," alisema.

"Hajui."

"Asijue mpaka afe."

"Hajui, baba watoto."

Fundi alimshika mkono. Walikaa vile mpaka jina la mtu mwingine likaitwa, halafu wakaondoka, yeye na magongo yake, mkewe na bahasha.

*

Bibi alikuwa mlangoni. "Kasemaje?"

"Kasema mfupa wangu ni mkaidi, mama," alisema Fundi. "Umerithi kwa baba."

"Haujaunga." Bibi alishika kizingiti. Macho yake yakamwendea mkwewe moja kwa moja. "Unaona? Unaona sasa ulichofanya? Ningeipeleka mimi..."

"Yaishe, mama." Fundi hakupandisha sauti. "Na nisilisikie tena hilo neno humu ndani. Mke wangu alifanya alichoweza." Kisha, bila kumtuma mtoto yeyote: "Mama watoto, nipe maji."

Mama Barafu alimpa maji. Watoto walitazamana. Bibi aliingia chumbani kwake akajifungia, na kwa muda mrefu walimsikia akivuta kamasi.

Jioni alitoka. Mama Barafu alikuwa anafunga vifuko vya kugandishia, Fundi amekaa kwenye kigoda kando ya friza, anajaza maji kwa birika, kazi yake mpya. Alimwaga mengi sakafuni, maana mikono yake ilizoea mwiko. Bibi alivuta kiti, akachukua kifuko, akakifunga fundo. Akachukua cha pili.

"Nimekusema sana, mwanangu," alisema bila kuinua uso. "Mama akimwona mwanawe anachechemea, hasira zake hutafuta pa kutua. Zilitua kwako. Usiniweke moyoni."

"Sijakuweka, mama."

Wakafunga vifuko. Fundi alikuwa ameacha kumimina. Bibi alifunga kingine, akalikaza fundo mara mbili, halafu akauliza taratibu, kama mtoto anayeogopa jibu:

"Lakini mimi niliihifadhi vizuri, sivyo?"

Mama Barafu hakumtazama mumewe. Alipokea kile kifuko kutoka mikononi mwa Bibi, akainua kifuniko cha friza, akakilaza katikati ya mabonge.

"Uliihifadhi vizuri sana, mama," alisema.